Kulala au Kukaa Macho

Daktari wa usingizi alifika wodini jioni, wageni wameshatoka na sahani za chakula zinakusanywa. Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mwenye kandambili za mpira na miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa umeungwa kwa plasta ya kidonda. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa karibu kabisa na kitanda hata magoti yake yakagusa godoro.

"Pole kwa kungoja, dada," alisema. "Kesho wenzangu watakuwa huko tumboni. Mimi nitakuwa huku kichwani kwako. Kwa hiyo nimekuja tufahamiane."

Mwanamke aliyekuwa kitandani alitabasamu kwa adabu. Alikuwa fundi wa kukata vioo, kazi aliyoifanya tangu akiwa msichana. Kwa kuwa mfagizi wa wodi ile aliwahi kukatiwa naye kioo cha dirisha, jina la Fundi lilikuwa limemfuata hadi hospitali. Tumbo lake lilikuwa limepanuka kwenda ubavuni badala ya kwenda mbele. Mtoto alikuwa amelala kwa kukingama, kichwa ubavu huu, miguu ubavu ule, na chini ya kitovu cha mama palikuwa na kovu la kisu cha zamani. Kuhusu upasuaji hapakuwa na ubishi tena. Kilichobaki ni kuamua kama atapasuliwa akiwa amelala au akiwa macho.

"Njia ziko mbili," daktari alisema. "Ya kwanza ni sindano ya mgongoni. Unakaa, unajikunja kama paka aliyekasirika, natia ganzi kidogo kwenye ngozi, halafu napitisha sindano nyembamba sana katikati ya mifupa. Muda si muda miguu inapata joto, inakuwa mizito, na kuanzia hapa kifuani kushuka chini maumivu yanakwisha. Utasikia wanakuvuta na kukusukuma, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Lakini makali ya kisu huyasikii. Na mtoto akitoka, unamwona palepale. Njia ya pili ni nusu kaputi…"

"Nusu kaputi," alisema Fundi.

"Ngoja nimalize, uchague kitu unachokijua."

Akamweleza. Kwamba kwa nusu kaputi angelala kabisa, na yeye daktari angempitishia mrija kooni ili apumue. Kwamba mtoto naye huweza kupata kionjo cha ile dawa, akatoka akiwa mzito mzito. Kwamba koo la mjamzito huwa limevimba na tumbo lake huweza kurudisha vilivyomo, ndiyo maana usingizi kamili una hatari zake, na wao huupenda zaidi pale ambapo hakuna muda wa kungoja, au damu ya mama haigandi vizuri, au ganzi ya mgongo imekataa.

"Kwako wewe naona ya mgongo ni salama zaidi. Lakini mwili ni wako."

"Nimekusikia, daktari. Nusu kaputi."

"Unaogopa sindano?"

Fundi alimwonyesha viganja vyake. Vilikuwa na makovu meupe membamba, marefu kwa mafupi, kama mtu aliyekwaruzana na paka maisha yake yote. "Vioo navyo viliingia bila ganzi."

"Unaogopa mgongo usije ukakuuma maisha? Huko nje wanasema sana. Kichwa kinaweza kuuma siku chache, hilo sikufichi, lakini mgongo…"

"Siyo hilo. Nataka tu kulala."

 Daktari hakubisha, wala hakuhubiri. "Haya. Asubuhi nitapita tena kabla hawajaja kukuchukua. Ukibadili mawazo hutakuwa umenikosea. Usipobadili, vilevile hujanikosea." Akarudisha kiti mahali pake, akaenda zake, kandambili zikipiga sakafu hadi mwisho wa korido.

"Wee Fundi!" alisema mama wa kitanda cha dirishani, ambaye alikuwa amejilaza akijifanya hasikii. "Mimi hiki ni kisu cha tatu. Nimewaambia safari hii wanitie zipu, tusisumbuane. Sindano ya mgongo tamu bwana! Unalala pale wanakupasua, wewe unawaza nyumbani watapika nini."

Fundi alicheka, kwa sababu yule mama alistahili kuchekewa. Wodi nzima ilimpenda. Alikuwa na dada zake, mama zake wadogo, wifi zake, wote walikuja kwa zamu na kujaa kitandani kwake hadi muuguzi akawa anawafukuza kama kuku. Kwa Fundi alikuwa amekuja mumewe peke yake, akakaa, akauliza kama amekula, akajibiwa amekula, akatazama saa.

Mambo yalianza miaka sita nyuma, katika hospitali nyingine. Ujauzito wake wa kwanza ulikwenda salama hadi siku ya uchungu, kisha ghafla watu wakaanza kukimbia. Alikumbuka taa ya duara, na mtu aliyemfunika pua na mdomo akimwambia avute hewa kwa nguvu. Baada ya hapo hakukumbuka kitu. Alipozinduka koo lilikuwa linamuwasha kama kwamba amemeza mchanga, na mume wake alikuwa amesimama amempa mgongo.

"Alikuwa mtoto wa kiume," mume alisema, akiuambia ukuta.

Alikuwa. Neno hilohilo moja lilimtosha.

Homa ilimlaza siku nyingi. Huko nyuma mume wake na baba mdogo wa mumewe walimchukua mtoto wakaenda kumzika. Fundi alitoka hospitali akiwa na maziwa kifuani, na nyumbani akakuta kitanda kidogo kimeshaondolewa na chumba kimefagiliwa vizuri sana. Kaburini mama mkwe alimkataza kwenda. "Utajiumiza bure, mwanangu. Acha kwanza upoe." Akaacha apoe. Alipopoa, hakuna aliyelitaja kaburi tena, na yeye hakujua aanzie wapi kuuliza.

Daktari wa huko alimwona yule mtoto. Wakunga walimwona. Mume wake, baba mdogo, hata dereva wa gari lililowabeba alimwona. Mama yake peke yake ndiye ambaye hakumwona, na hapakuwa na aliyewahi kumwambia alikuwaje. Mara moja tu alimuuliza mume wake, walipokuwa mezani. Mume aliweka kijiko chini, akatoka nje, akaenda kuliosha gari lake ambalo lilikuwa limeoshwa jana yake. Huyo mume aliendesha boza la kusambaza maji, na watu walimwita Boza kwa sababu ya gari, maana mwenyewe alikuwa mwembamba kama fito. Hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga, hakulewa, hakumsimanga. Alinyamaza tu, na ule unyamavu ukakaa nyumbani kama mpangaji asiyehama.

Mtaani wanawake wa rika lake waliitana kwa majina ya watoto wao. Yeye walimwita Fundi, au shemeji, au jirani. Hawakuwa na nia mbaya naye.

Usiku ulipoingia Boza alipiga simu.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema nichague. Kulala au kukaa macho."

"Lala," alisema Boza harakaharaka. "Wewe lala tu. Ya nini kujitesa? Likitokea lolote, sisi tupo."

"Sisi nani?"

"Si sisi… Mimi, na mama. Tutakuwa pale nje. Wewe usiwe na wasiwasi."

Walitakiana usiku mwema. Fundi akaweka simu chini ya mto, akalala chali, kisha akakumbuka kwamba chali anakosa pumzi, akageukia ubavu. Sisi tupo. Walikuwapo hata safari ile. Walikuwapo wote, wakaona, wakaamua, wakabeba, wakazika, wakafagia chumba.

Alikuwa ameutaka usingizi kwa sababu moja. Aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yeye alijua kwamba akiwa macho atakuwa anangoja sauti ya mtoto. Isipokuja, ataisikia kutokuja kwake, akiwa amelala pale na miguu iliyokufa, asiweze hata kunyanyuka kwenda kuuliza. Afadhali habari imkute imekwisha. Hivyo ndivyo alivyojiambia miezi yote. Sasa alipomsikia mume wake akilisema lile "sisi tupo" kwa upendo kabisa, aliona jambo ambalo hakuwa ameliona: kwamba usingizi haukuwa umemficha na lolote. Ulikuwa umemfungia nje.

Asubuhi daktari wa usingizi alirudi kama alivyoahidi. Kabla hajavuta kiti, Fundi alimshika mkono wa koti.

"Nikikaa macho, mtoto akinyamaza, utaniambia?"

Daktari alikaa kitandani, jambo ambalo wenyewe huwakataza wageni. "Nini kilikupata, dada?"

Fundi akamwambia. Hakuwahi kuisimulia habari ile kwa mtu tangu mwanzo hadi mwisho, na alishangaa kuiona fupi kiasi kile. Mama wa dirishani aligeukia ukutani, safari hii kwa heshima.

"Nitakuambia," alisema daktari. "Nitakuambia kila ninachokiona, na sitakudanganya hata kwa nia njema."

"Na akiwa hayupo? Nitamwona?"

"Akiwa hai utamwona. Asipokuwa hai utamwona, utampakata mpaka uridhike. Hilo nitalisimamia mimi mwenyewe. Lakini sikiliza nami nikwambie ukweli mwingine: mapigo ya moyo wa mtoto nimeyaona asubuhi hii, ni mazuri. Sina sababu ya kuwaza mabaya."

"Basi nichome mgongo," alisema Fundi.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi ya kusahau majina. Walimkalisha ukingoni mwa kitanda chembamba, muuguzi mmoja mnene akasimama mbele yake, akamwambia, "Niegemee, mama. Weka kichwa hapa begani, legeza mabega, toa mgongo nje." Akaegemea. Bega la yule muuguzi lilikuwa la moto na linanukia sabuni. Dawa ya kusafishia ilipopita mgongoni kama maji ya jokofu, Fundi alishtuka, na mikono ya muuguzi ikamkaza. Aling'amua kwamba ulikuwa umepita muda mrefu sana tangu mtu amkumbatie. Machozi yakamtoka kabla ya sindano.

"Bado sijakuchoma," alisema daktari kutoka nyuma.

"Najua. Endelea tu."

Ilimchoma kama nyuki, kisha akasikia kitu kikisukuma ndani kabisa, kisichouma ila cha ajabu. Halafu joto. Lilishuka mapajani, likaenda hadi nyayoni, kama mtu aliyekanyaga beseni la maji ya kuoga. Wakamlaza upesi. Daktari alimpitishia pamba yenye spiriti begani. "Baridi?" Baridi. Akampitishia tumboni. "Na hapa?" Alihisi kuguswa, lakini ubaridi haukuwapo. Akajaribu kunyanyua mguu wa kulia, mguu ukamkatalia kama mtumishi aliyeacha kazi.

Muda mfupi baadaye chumba kilianza kumzunguka, na kichefuchefu kikapanda.

"Presha imeshuka kidogo, ndivyo inavyofanya," sauti ilisema karibu na sikio lake. "Natia dawa sasa hivi. Vuta hewa. Haya. Inapanda. Unajisikiaje?"

"Kimeondoka."

Walitundika kitambaa cha kijani kifuani pake. Upande wa pili watu wawili walianza kazi huku wakizungumza juu ya bati la nyumba linalovuja na fundi aliyekula pesa akakimbia. Aliwasikiliza. Alisikia akivutwa huku na huku, mwili mzima ukitikisika kama nyumba wakati jirani anahamisha kabati. Hapakuwa na maumivu. Mazungumzo ya bati yakakoma.

"Wanashika miguu yake," alisema daktari wa usingizi. "Kwa kuwa alikingama watamtoa kwa miguu. Watakubonyeza kwa nguvu sasa."

Wakambonyeza. Alihisi kama kifua kinataka kutokea mdomoni. Kisha kile kitu kilichokuwa kimemjaa miezi yote kikatoka, na tumbo likawa tupu.

"Ametoka?"

"Ametoka. Msichana."

Akasubiri. Alisikia chuma kikiwekwa kwenye bakuli. Alisikia kandambili zikikimbia.

"Mbona kimya?"

Daktari aliinama, uso wake ukawa juu ya uso wa Fundi, kichwa chini miguu juu, miwani ile yenye plasta ikitaka kuanguka. "Hajalia bado. Yuko kwenye meza yake, wanamfuta na kumsugua mgongo. Moyo unapiga. Namwona mkunga anauhesabu kwa kidole."

"Bado?"

"Bado. Sasa wanampa hewa kwa barakoa ndogo. Kifua kinapanda. Nakiona kinapanda."

Kama ungemuuliza baadaye, Fundi angekwambia kwamba huo ndio wakati mpweke kuliko wote aliowahi kuuishi, na kwamba hata hivyo asingeutoa kwa mtu. Alikuwa amelala nusu mtu, mikono imetandazwa, akimwangalia mwanamke asiyemjua kama mtu anayeangalia mlango. Hakuomba lolote. Alikuwapo tu. Likija, lingemkuta yupo.

"Anakunja uso," alisema daktari. "Amekasirika."

Kisha ikaja sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama bawaba ya kabati iliyokosa mafuta. Ikakwama, ikajaribu tena, halafu ikafunguka yote. Upande wa pili wa kitambaa mtu akasema, "Eeh, huyo!" na habari za bati zikaendelea.

Walimleta amefungwa shuka, wakamweka shavu kwa shavu na mama yake. Fundi hakulia. Alimtazama kama anavyotazama kioo kabla ya kukikata, taratibu, pembe hadi pembe. Nywele zimelala upande mmoja. Kidevu chenye mfuo. Sikio la kushoto limejikunja juu, kama ukurasa uliokunjwa na mtu anayetaka kukumbuka alipoishia.

Saa ya wageni Boza alikuja na chupa ya chai, amevaa shati lililopigwa pasi. Mama wa dirishani akamwita shemeji na kumpa pongezi kana kwamba ni yeye aliyepasuliwa. Boza alicheka, akainama juu ya mtoto, na kicheko kikafa. Alinyoosha kidole, akaligusa lile sikio.

"Naye alikuwa nalo," alisema.

Fundi alidhani hakusikia vizuri. "Nani?"

"Yeye." Kidole kilikuwa bado kwenye sikio. "Lilikuwa hivihivi. La kushoto. Nililinyoosha, likarudi. Nikalinyoosha tena."

 Mtoto alipiga chafya.

"Miaka sita," alisema Fundi. "Miaka sita nimelala na wewe kitanda kimoja."

"Niliona nikikwambia nitakuongezea."

"Uniongezee nini? Sikuwa na chochote, Boza. Ulikuwa unaniongezea nini?"

Mwanamume alikaa chini kwenye kiti cha plastiki. Alimimina kikombe cha chai aliyokuwa ameileta kwa ajili ya mkewe, akanywa mwenyewe bila kujua. "Baba mdogo alipokufa," alisema, "nilirudi nyumbani nikawaza, sasa nimebaki mimi. Wa kuzungumza naye ni wewe tu, na wewe ndiye ambaye siwezi."

Fundi alitaka kumkasirikia, na alikuwa na haki hiyo, lakini hasira ilipofika ilikuta mtu mwembamba mwenye shati la pasi anakunywa chai isiyo yake. Alitaka kuuliza mengi: shuka lilikuwa la rangi gani, nani alimbeba njiani, macho yalikuwa yamefumba yenyewe au yalifumbwa. Akachagua moja.

"Nitakapoweza kutembea, unipeleke."

"Nitakupeleka."

Kengele ya kuwatoa wageni ikalia. Boza akasimama, akasahau chupa, akarudi kuichukua, akasahau kuaga. Jamaa za mama wa dirishani walitoka wakipiga kelele, na wodi ikabaki na sauti ya mapanga ya feni. Vidole vya miguu vya Fundi vilianza kurudi, kimoja kimoja. Kisha yakaja maumivu, na akamwita muuguzi ampe dawa.

Kesho yake kichwa kiliuma kila alipoketi, kama daktari alivyomwonya, kikaacha chenyewe. Alirudi nyumbani. Boza alijifunza kufunga nepi, akazifunga vibaya. Jioni nyingine walizungumza kidogo, nyingine hawakuzungumza kabisa. Mambo ya miaka sita hayaishi kwa sababu ya sikio.

Mshono ulipokauka mumewe alimpeleka makaburini kwa boza la maji, mtoto akiwa kifuani kwa mama yake. Majani yalikuwa yamekua hadi magotini. Boza alitangulia, akasimama, akarudi nyuma, akazunguka kichaka, akarudi tena. Fundi alimwona akifuta jasho. Palikuwa na vituta viwili vidogo karibu karibu, havina alama.

"Ni hiki," alisema Boza. Akakitazama cha pili. "Au kile. Mti ulikuwa hapa. Wameukata, mke wangu. Nilikuwa nafuata mti."

Alisimama pale kati, mikono inaning'inia, kama mtoto aliyepoteza kitu alichotumwa. Fundi alimpa binti yao amshike. Akapiga magoti, polepole kwa sababu ya tumbo, akaanza kung'oa majani kwenye kituta cha kwanza. Alipomaliza akasogea kwenye cha pili.